Muziki Uliopita Ukuta wa Mbao

Emérence Kaswera alikuwa fundi cherehani katika Kimemi, mjini Butembo, na hapakuwa na mtu aliyezijua filamu za kutisha kama yeye, ingawa alikuwa hajazitazama. Usistaajabu. Kibanda chake cha kushonea, chenye mashine moja ya miguu na pasi ya makaa, kilikuwa kimeegemea sale ya Zorobabel, ukumbi wake wa kuonyeshea video, na kati ya kibanda na sale palikuwa na ukuta wa mbao za mkaratusi zilizokauka hadi zikaachana. Zorobabel alikuwa ameziba nyufa kwa karatasi za mifuko ya simenti, watoto wasichungulie bure. Picha zikazuilika. Sauti hakuna aliyezizuia.

Hiyo ilikuwa miaka ya vita, waasi wakitawala Butembo na Beni, leo kundi hili na kesho lile, na malori ya askari wa Uganda yakipita kuelekea Kasindi, yamejaa mbao zetu na kutuachia vumbi. Kwa sababu ya couvre-feu, marufuku ya kutembea usiku, Zorobabel alionyesha filamu zake mchana. Zile za mapigano zilikuwa zimewachosha watu; vita walikuwa navyo nyumbani bila kulipa kiingilio. Walitaka mashetani. Na mtu akiuliza watu wanaoogopa bunduki kila siku walitafuta nini tena kwa shetani, jibu ni rahisi: shetani wa filamu ana adabu. Anafanya kazi yake, anamaliza, anakuacha uende nyumbani kabla ya giza.

Mwanzoni Emérence alizichukia kelele zile, kama ambavyo mama yeyote wa korali angezichukia. Alikuwa ameimba sauti ya pili parokiani tangu usichana wake, na sikio lake halikusamehe. Kisha siku moja, akiwa anapinda sketi ya shule, violini nyingi upande wa pili wa ukuta zilipanda hadi juu kabisa, zikashika noti moja, zikakataa kuiachilia. Chini yake kitu kizito kikagonga, kikanyamaza, kikagonga. Mguu wake ukaacha kukanyaga bila yeye kuuambia. Halafu muziki ukakatika, na katika kimya kile akasikia sale nzima, wanaume wazima na ndevu zao, wameacha kupumua. Ndipo yakaja mayowe. Emérence alibaki ameikumbatia sketi, na akatambua kwa mshangao kwamba anafurahi.

Toka hapo akawa mtu wa ukuta. Alichokipenda zaidi ni kile ambacho korali ingekiita dhambi. Eliezer, mwalimu wao wa nyimbo, akisikia sauti mbili zimesimama karibu mno hata zinasuguana, alipiga meza na rula akifoka kwamba wameanguka. Lakini ukutani sauti zilisuguana kwa makusudi, zikakaa pale pale, hazikutubu, na utamu wake ulikuwa wa pilipili: inauma, na mkono unarudi sahanini. Alijifunza kwamba muziki ule unajua mambo kabla watu wa filamu hawajayajua. Alijifunza pia kwamba ni mwongo. Unaweza kupanda na kupanda mpaka unataka kukimbia, kumbe ni paka ameangusha kifuniko, watu wakacheka, na wakati bado wanacheka kisu kinaingia bila hata ngoma moja. Ngoma, alisema Emérence, ni za kutishia wajinga. Fundi wa kweli anakutisha kwa kunyamaza.

Hakujua jina la fundi hata mmoja wa muziki huo, basi aliwabatiza mwenyewe. Palikuwa na Wa Kengele, aliyependa kudondosha kengele ndogo moja moja. Palikuwa na Wa Kinanda, ambaye bila shaka aliwahi kukosana na padri, maana alichukua kinanda cha kanisa akakiendesha polepole mpaka kikawa kinalaani. Na palikuwa na yule aliyemheshimu kuliko wote, ambaye hakutumia chombo chochote alichoweza kukitaja, ni kama chuma kinachoburutwa mbali sana, nyuma ya vilima. Huyo alimwita Mzee. Mzee akija, cherehani ililala, na mwenye sare yake ya ndoa aliyekuja kuichukua aliambiwa arudi kesho.

Tatizo lilikuwa mwisho wa filamu. Majina yanapoanza kupanda kwenye televisheni hakuna tena mayowe wala Kiingereza. Muziki unabaki peke yake na kufanya unavyotaka. Zorobabel, mtu wa kubana mafuta, alizima jenereta papo hapo. Kwa Emérence hiyo ilikuwa sawa na kumfukuza mgeni kabla hajanawa mikono. Siku moja hasira zikampanda, akachukua makasi yake makubwa akagonga ukuta.

— Acha iimbe!

— Ni nani ule? akauliza Zorobabel kutoka ndani.

— Ni miye, Mama Victoire wa kushona. Acha iimbe mpaka inamalizika!

Zorobabel alicheka mpaka akakohoa, lakini aliacha jenereta iendelee. Kuanzia hapo wakaelewana: makasi yakigonga, jenereta haizimwi. Baadaye, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akamwambia alete kaseti tupu, atamchukulia muziki kutoka televisheni kwa waya. Emérence akamshonea mapazia meusi ya mlango, wakawa wamelipana. Zorobabel alimshawishi hata aingie atazame filamu moja. Emérence akaingia, amejifunga kitambaa hadi kwenye nyusi asijulikane. Shetani alipotokea, alikuwa mwanaume mwenye nywele za katani na uso wa mpira uliobanduka shingoni, mshono wake haukupigwa hata pasi. Alitoka amekasirika.

— Muziki yote ile, ni juu ya huyu? alimwuliza Zorobabel. Ata uso hawajue kushona!

Hakuingia tena. Ukutani filamu zilikuwa nzuri zaidi.

Sasa tazama mambo haya kwa macho ya Séphora, aliyeuza mboga ng'ambo ya njia. Aliona mwanamke ambaye mume wake yuko safarini anagonga ukuta kwa makasi. Aliona mwanaume wa upande wa pili anamtii. Aliona kaseti zikipita kutoka mkono hadi mkono. Aliona mwanamke huyo huyo, mama wa korali, ameinamia redio yake ndogo akiwa amefumba macho, anasikiliza watu wakilia. Ukiyaweka hayo pamoja hata malaika angeshuku, na Séphora hakuwa malaika. Asiye na lake ana la mwenzake.

Mume mwenyewe, Jacob Maliro, alikuwa mchuuzi. Alipeleka maharagwe Kasindi, mpakani, akarudi na chumvi, sabuni na vitenge. Hakuwa mkali kwa tabia. Vita ndivyo vilivyomharibu, kwani katika barabara ile yule aliyekuchekea asubuhi ndiye aliyewaonyesha askari ulikoficha mzigo. Alikuwa amezoea kulala na viatu na kuhesabu nani amenyamaza. Safari moja alikula nyumbani, akapanda lori, na kabla ya kufika Beni tumbo likamkata vibaya. Alilazwa nyumbani kwa rafiki yake Issaka, dereva, ambaye alimnywesha uji mwepesi na maji ya chumvi, akamwambia ni maji machafu ya njiani. Lakini msafiri mmoja aliyesimama mlangoni akatikisa kichwa na kusema neno moja tu: karuho.

Neno hilo kwetu halihitaji shahidi. Karuho ni sumu, watu husema, inayofichwa chini ya ukucha na kudondoshwa katika kikombe au mboga, kisha inamla mtu polepole. Ndiyo maana chupa hufunguliwa mbele ya macho ya mgeni, na mwenye nyumba hunywa funda la kwanza kabla ya kumpa kikombe. Kwa mgeni hiyo ni heshima. Kati ya mume na mke ni msumari.

Jacob alirudi Butembo amekonda, suruali imefungwa kwa kamba, na kabla ya kufika kwake akapita mbele ya meza ya Séphora.

— Papa Victoire! Umekonda hivi? Nani alikulisha?

— Si nilikula kwangu, akajibu Jacob.

Séphora akapanga upya mafungu yake ya sombe, majani ya muhogo, ambayo yalikuwa yamepangwa tayari.

— Ee. Mais, lakini miye siko na kinywa. Uliza tu bibi yako ile muziki ya bashetani anasikilizaka ni ya kufanya nini. Na ule wa video, juu ya nini banagongeanaka ukuta.

Jioni hiyo Emérence alimwekea mume wake chakula kwa furaha ya kumwona mzima. Jacob alinawa, akaitazama sahani, akaisukuma kwake.

— Onja.

— Nionje nini? Chumvi iko.

— Onja kwanza, Mama Victoire.

Alidhani ni mzaha, mpaka alipomwangalia machoni. Akaonja. Tonge likamchoma kama dhambi, naye hakuwa ametenda dhambi yoyote. Jacob alingoja kidogo, ndipo akala, bila kusema asante. Baada ya chakula akamwambia hataki tena kusikia muziki ule ndani ya nyumba yake. Muziki wa kuita wafu, alisema, ndio uliomwita yeye alipokuwa njiani. Emérence akazificha kaseti katika gunia la vipande vya vitambaa. Kesho yake ilikuwa vile vile, na siku zilizofuata, kila sahani ikipita kwanza mdomoni mwake. Kikulacho ki nguoni mwako, Jacob alisema siku moja, akiangalia ukuta.

Hapo ndipo Emérence, kwa sababu ya mapenzi yale yale ya muziki yaliyomponza, alielewa kinachompata. Kulikuwa na filamu moja aliyoisikia mara nyingi. Ndani yake, kama Zorobabel alivyomweleza, mwanamke anamimina maziwa katika glasi. Unasikia maziwa yenyewe yakimiminika, hakuna zaidi. Lakini Mzee ameweka chini ya maziwa yale sauti yake ya chuma, na sale yote inajua kwamba glasi ni mbaya. Maziwa hayana kosa. Ni mtu tu ameyawekea muziki. Naye sombe yake ilikuwa sombe ile ile aliyopika tangu ndoa yao, ila sasa Séphora ameiwekea violini, na hakuna njia ya kumwambia anayezisikia kwamba hazipo.

Ubaya wa shuku ni kwamba haikai kwa mtu mmoja. Emérence naye akaanza. Alijiuliza nani aliyeanza kusema. Alimkwepa Zorobabel, akaacha kugonga ukuta, na jenereta ilipozimwa katikati ya wimbo mzuri aliuma meno akaendelea kushona. Alikwenda kununua mboga mbali, asikanyage kwa Séphora. Lakini aliyemwogopa kuliko wote alikuwa mama mkwe wake, Mama Maliro, waliyekaa naye nyumba moja toka binti yao Victoire alipoolewa Eringeti. Kikongwe huyo alikuwa msemaji sana zamani. Tangu mwanawe arudi mgonjwa, alikuwa amehamishia kigoda chake mlangoni mwa jikoni, na hapo alikaa kutwa, akitazama masufuria, bila neno. Hakuuliza kitu, hakulaumu, hakusifia. Na Emérence alikuwa amefundishwa na mafundi wakubwa wa dunia kwamba kinachonyamaza ndicho cha kuogopa. Akipakua, alihisi macho yale kwenye vidole vyake, kwenye kucha zake. Yaani hata mimi, aliwaza, hata mimi sasa najitazama kucha.

Mwishowe Jacob alituma ujumbe kwa kaka zake Emérence huko Lubero: waje baada ya Jumapili, kikao kiketi, wamchukue dada yao. Hakusema kwa nini, lakini mtaa ulisema kwa niaba yake. Mwanamke anayerudishwa kwao na neno lile mgongoni hapotezi ndoa peke yake. Vijana humngoja njiani na mawe, hasa wakati ule, ambapo hapakuwa na serikali ya kumlilia. Emérence alilijua hilo. Alimwuliza mume wake kama kweli anaamini. Jacob aliinamisha kichwa akasema hajui anachoamini, anajua tu kwamba anaogopa kula. Alisema kweli, na kweli hiyo ilimuumiza Emérence kuliko tusi.

Jumapili ile walirudi kutoka misani, ambako Emérence aliimba na pande zote mbili za benchi zikiwa wazi. Alipika sombe na ndagala, dagaa wetu, akasonga bundu, ugali wetu wa muhogo, akatenga mezani. Jacob akanawa. Emérence akanyoosha mkono kuonja kama ilivyokuwa desturi yao mpya. Ndipo Mama Maliro, aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, akavuta kigoda.

— Leo nitaonja miye, akasema.

Jacob alimtazama mama yake, na uso wake ukafunguka kidogo.

— Muzuri, akasema. Mama aonje. Tumalize hii maneno.

Mkono wa kikongwe ulikuwa umeshafika kwenye sahani Emérence alipokumbwa na hofu ambayo hakuna muziki uliowahi kumpa. Mama Maliro alikuwa na tumbo bovu. Ulikuwa ugonjwa wa miaka, na sombe ndiyo iliyouchokoza kuliko yote. Nesi wa zahanati alikuwa amemkataza asiiguse, na tangu hapo Emérence alimpikia viazi vyake pembeni. Akiila leo, kabla jua halijashuka atakuwa amejikunja kwa maumivu mbele ya mwanawe. Mwanawe hatakumbuka nesi. Ataona mama yake ameonja sahani ya mke wake, akaanguka. Na je, kikongwe mwenyewe hajui hivyo? Anajua. Basi kwa nini anaonja? Moyo wa mtu ni msitu, na Emérence alikuwa amepotea ndani yake tayari. Akaidaka sahani kwa mikono miwili na kuivuta, mchuzi ukamwagikia kikwembe, kitenge alichojifunga.

— Hapana, mama! Hapana weye!

Nyumba ikanyamaza. Kilikuwa kimya kile kile anachokijua, kile cha watu walioacha kupumua, ila safari hii alikuwa upande wa ndani wa ukuta.

Jacob alisimama polepole.

— Njo hii, ndiyo hii, akasema. Mumeona? Miye ananipatiaka sumu. Mais mama yangu anamuhurumia.

Emérence alifungua kinywa kutaja tumbo la kikongwe, akakifunga. Aliona wazi jinsi neno hilo litakavyosikika: mke ameanza kuandaa sababu kabla mtu hajaugua. Hapakuwa na neno lolote duniani lisilokuwa na violini chini yake. Basi akakaa chini, akaweka sahani mapajani, akakata tonge, akachovya, akala. Akakata jingine. Hakuonja tena kama wanavyoonja watu. Alikula kwa hasira, kwa mkono uliojaa, machozi yakichanganyika na mchuzi, akimtazama mume wake usoni.

Jacob alirudi akakaa. Aliweka mikono magotini, akamtazama. Emérence alikuwa amefika katikati ya sahani alipoelewa anachotazamiwa. Mwanaume huyu, baba wa Victoire, aliyemchumbia kwa aibu hata kaka yake ndiye aliyezungumza, alikuwa amekaa anangoja afe. Hakuwa anatamani afe. Alikuwa anangoja tu aone. Emérence alisikia kitu kikimvunjika ndani, na akaendelea kula kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Ndipo kigoda kikaburutwa sakafuni. Mama Maliro alisogea mpaka magoti yao yakagusana, akaweka mkono wake mkavu ndani ya sahani, akachukua tonge.

— Mama, acha! akapiga kelele Jacob.

— Kaa! Kikongwe alitafuna, akameza, akachukua jingine. Baba yako alinionjeshaka. Tangu ndoa mpaka siku alikufa. Na malaria njo ilimuuwa, hapana chakula yangu. Aliisha kuzikwa, na miye mpaka leo, ata nikipika ya peke yangu, naonja kwanza, naangalia mulango, njo nakula. Unataka huyu naye akuwe vile?

— Mais mama, nilikuwa mugonjwa. Batu banasema…

— Batu! Tangu ulirudia niko naketi pale jikoni. Nilisema kama kuna kitu, nitakiona. Niliangalia bidole yake, niliangalia kucha, niliangalia mpaka kijiko. Nyamuhanga, Mungu wetu, anajua. Hakuna kitu, Jacob. Kuna sombe tu. Sasa nyamaza, tukule.

Wakala, wanawake wawili katika sahani moja, mpaka ikabaki nyeupe. Emérence alikula bila kuhisi ladha. Kumbe macho yale aliyoyaogopa kuliko yote ndiyo peke yake yaliyokuwa yanamtafutia ushahidi. Aliona haya, na zaidi ya haya aliona woga, maana alijua kitakachofuata.

Hakikukawia. Kwanza aliona jasho juu ya mdomo wa kikongwe. Kisha mkono ukaingia chini ya kikwembe, ukashika tumbo, ukakaza. Macho yao yakakutana. Jacob alikuwa bado amekaa mbele yao, anamchunguza mmoja, kisha mwingine, na bado hakuwa ameshawishika.

— Emérence, akasema Mama Maliro, na sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. Ile muziki yako iko wapi?

— Muziki gani, mama?

— Ile ya bashetani. Weka. Minataka kusikia.

— Mama, akasema Jacob, ile kitu nilikataa humu ndani.

— Humu ndani mwa nani? Poto-poto, matope ya hii nyumba niliipiga na mikono yangu, weye uko mugongoni. Weka, binti yangu. Weka ile yenye kelele.

Emérence alifukua gunia la vitambaa mpaka akapata kaseti ya Wa Kinanda, ile yenye mwisho mrefu, majina yanapopanda na hakuna anayezungumza. Akaweka redio katikati yao, akafungua sauti yote. Kinanda kikaanza chini, kizito, kikajaza nyumba, violini zikaingia zikisuguana, ngoma zikafuata. Mama Maliro alifumba macho. Tumbo lilipomkata aliguna, na kinanda kikaguna naye, na hakuna aliyeweza kuwatenganisha. Lakini Wa Kinanda alikuwa na tabia ya kunyamaza ghafla, na kikongwe hakujua ni wapi. Emérence alijua. Alikuwa ameusikiliza wimbo ule hadi ukaingia damuni. Akauchukua mkono wa mama mkwe wake, na kila kimya kilipokaribia aliubana, naye kikongwe akauma pindo la kikwembe na kuzuia pumzi; na pale ngoma zilipotaka kurudi, akauachia, kikongwe apate kuguna kwa raha yake.

— Mama, unaimba? akauliza Jacob.

— Naimba. Ni muzuri. Weye hausikie?

Jacob alisimama katikati ya nyumba. Hakuwa amekula tangu jana, maana misani alikwenda tumbo tupu. Alimtazama mama yake, mjane wa parokia, akiimba na mashetani huku jasho linamtiririka, na mke wake amemshika mkono, wote wawili hai. Kitu usoni mwake kikalegea. Akaenda jikoni. Walisikia kifuniko cha sufuria. Alirudi mlangoni na sufuria mkononi, na palepale, amesimama, akachota sombe kwa vidole, akala. Hakumwomba mtu aonje. Emérence alitaka kulia, akajizuia, kwa sababu machozi nayo yangetafutiwa maana.

Upande wa kaseti ulikuwa unakaribia mwisho. Mama Maliro alikuwa amelowa, midomo yake imekuwa ya majivu, na vidole vyake vilikuwa vimezama katika kiganja cha Emérence. Alimvuta karibu.

— Bado anakula? akanong'ona.

— Anakula, mama.

— Geuza kaseti.

Emérence akaigeuza, akarudi kukaa, akampa tena mkono.